Uvimbe wa ubongo kwa mbwa: wapi unafanana na wa binadamu, wapi unaachana nao

Mbwa akianza kuzunguka duara moja mchana kutwa, akagonga ukuta, kisha akaanguka na kutoka povu, mitaani kwetu majibu huwa mawili: kashikwa na kichaa, au kalishwa sumu. Siku hizi limeongezeka la tatu, linalosomwa zaidi kwenye simu kuliko kusikika barazani: ana uvimbe wa ubongo. Likitajwa hilo, maswali hufuatana. Ni saratani? Inaambukiza watoto wa nyumba? Ndiyo ile ile inayowapata watu? Atapona?

Jibu fupi ni kwamba ugonjwa huo upo kweli na mbwa huupata wenyewe, bila kuambukizwa na mtu na bila kumwambukiza mtu. Namna unavyoumiza ubongo ni moja kwa mbwa na kwa binadamu. Tofauti zipo katika aina zinazoongoza, katika kasi, na zaidi katika tiba inayowezekana. Ila kwa Unguja na Pemba kuna jambo linalotangulia yote hayo: mbwa aliyebadilika tabia ghafla hushukiwa kichaa cha mbwa kwanza, na uvimbe baadaye. Anayegeuza mpangilio huo anahatarisha roho za watu.

Kinachokua ndani ya kichwa

Uvimbe tunaouzungumza hapa ni seli za mwili zilizoacha kufuata mpangilio wake, zikazaana mpaka zikawa donge ndani ya fuvu. Si jipu lenye usaha, si damu iliyoganda, wala si maji yaliyojaa. Donge likikua polepole na kubaki na mpaka wake, huitwa uvimbe usio saratani. Likijipenyeza katika nyama ya ubongo na kukua kwa kasi, ni saratani. Upo pia uvimbe wa mwanzo, ulioanzia humo humo kichwani, na uvimbe wa kuhamia, ulioanzia kwenye titi, pafu au wengu, kisha seli zake zikasafiri na damu hadi kwenye ubongo.

Watu wengi wakisikia "si saratani" hupumua, wakaacha kufuatilia. Kichwani hukumu hiyo haitoshi. Fuvu la mtu mzima, na la mbwa mzima pia, ni kasha la mvule lililojazwa mpaka juu na kutiwa kufuli. Ndani yake mna vitu vitatu: ubongo, damu na maji ya ubongo. Ukitia khanga moja zaidi, lazima kitu kingine kitoke au kibanwe. Mwanzoni hutoka maji na damu, ndiyo maana uvimbe unaweza kukaa miezi, kwa binadamu hata miaka, bila dalili. Nafasi hiyo ikimalizika, unaobanwa ni ubongo wenyewe, na mwisho husukumwa kuelekea tundu lililo chini ya fuvu, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Hapo ndipo vilipo vituo vinavyoongoza pumzi. Kwa hiyo hata uvimbe usio saratani unaua ukiachwa ukue mahali pabaya.

Ukubwa wa kichwa nao una sehemu yake. Ubongo wa mbwa wa wastani una uzito wa gramu 70 hadi 100 hivi. Wa binadamu ni gramu 1,300 hadi 1,400. Donge la mviringo lenye kipenyo cha sentimita 2 lina ujazo wa mililita 4 na kidogo. Kwa binadamu hiyo ni chini ya nusu ya asilimia moja ya ubongo. Kwa mbwa ni kama asilimia 5. Donge ambalo daktari wa watu anaweza kuamua kulitazama tu mwaka hadi mwaka, kwa mbwa tayari ni balaa.

Dalili hutegemea mahali, si aina

Uvimbe ukiwa sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kulia, mbwa huzunguka kuelekea kulia, upande ule ule wa uvimbe. Jicho la kushoto ndilo hupungukiwa na uoni, na miguu ya kushoto ndiyo hulegea, kwa sababu kila nusu ya ubongo hutawala upande wa pili wa mwili. Kwa binadamu ni hivyo hivyo: mkono wa kushoto ukidhoofika, daktari hutazama nusu ya kulia ya ubongo. Uvimbe ukiwa nyuma, kwenye ubongo mdogo, anayeugua hupoteza mizani. Mtu huyumba bila kulewa. Mbwa hutanua miguu, hutikisa kichwa akilenga bakuli la chakula, na hukosea ngazi alizozizoea.

Mbwa ana sehemu kubwa ya ubongo inayoshughulikia harufu, nayo iko mbele kabisa, nyuma ya pua. Uvimbe ukiota hapo unaweza kukua sana bila kuonesha kulegea kokote. Mara nyingi dalili ya kwanza, na pengine ya pekee kwa muda mrefu, ni degedege: mwili kukakamaa, miguu kupiga, mkojo kutoka, kisha mbwa kuamka akiwa amechanganyikiwa.

Maumivu ya kichwa ndipo tofauti na binadamu inapokuwa kubwa. Mtu hueleza: kichwa kinauma zaidi alfajiri, kinamtapisha, macho yanaingia ukungu. Alfajiri inatajwa kwa sababu mtu akilala chali muda mrefu, na pumzi ikipungua usingizini, mishipa ya damu kichwani hutanuka na shinikizo hupanda. Mbwa hana wa kumwambia. Anachoonesha ni kulala kupita kawaida, kuacha kupokea watu mlangoni, kukataa kuguswa kichwa, kuinamisha shingo, kununa au kung'aka kwa wanaomlisha. Hali ikizidi husimama akaegemeza paji la uso ukutani na kubaki hapo. Hiyo si tabia ya uzee wala mbwa "kuwaza". Ni dalili ya hatari na inataka daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kwanza ondoa kichaa cha mbwa

Pemba ilifanikiwa kukiondoa kichaa cha mbwa mwaka 2014 kwa kampeni za chanjo. Kikaingizwa upya na kuonekana tena mwaka 2016, na kufikia mwisho wa 2018 kikawa kimeondolewa kwa mara nyingine. Historia hiyo inafundisha mawili. Chanjo inafanya kazi, na mbwa mmoja aliyevushwa bahari akiwa na maradhi anatosha kuurudisha ugonjwa. Ndiyo sababu hata pale ambapo haujasikika kwa muda, haufutwi kwenye orodha.

Kinachotenganisha maradhi haya mawili ni kalenda. Mbwa mwenye kichaa, tangu dalili zianze, huharibika siku hadi siku na kwa kawaida hufa ndani ya siku 10. Uvimbe huenda kwa wiki na miezi: degedege moja, kimya cha wiki tatu, jingine, halafu tabia kubadilika kidogo kidogo. Mbwa anayezunguka duara tangu mwezi uliopita na bado anakula na kunywa, kichaa hakielezi hali yake. Aliyeanza juzi, hakuna anayeweza kusema kwa kumtazama tu.

Kuna dalili moja inayowaponza watu wema. Taya la mbwa hulegea, mdomo hubaki wazi, udenda hutiririka. Mwenye mbwa hudhani mfupa umemkwama kooni, akatia mkono kuutoa. Taya lililolegea ghafla pande zote mbili ni sura inayojulikana ya kichaa cha mbwa, na udenda huo ndio wenye virusi. Usitie mkono. Uvimbe wa mshipa wa fahamu unaoendesha taya upo, lakini hujitambulisha kwa namna nyingine: nyama ya upande mmoja wa kichwa hupungua polepole mpaka mfupa ukajichora, huku upande wa pili ukiwa umejaa kama kawaida.

Aliyeng'atwa, au aliyeingiwa na udenda kwenye jeraha au jichoni, asingoje siku 10 kumtazama mbwa. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Mbwa afungiwe peke yake pasipo kuguswa, na sheha na afisa mifugo waarifiwe. Mbwa akionekana mzima baada ya siku 10, daktari anaweza kuisitisha chanjo. Na kama imelazimu auliwe, asipigwe kichwani. Maabara huthibitisha kichaa kwa kupima ubongo, na ubongo uliopondwa hauna cha kupima.

Mengine yanayofanana nayo

Umri husaidia kuliko watu wanavyodhani. Kifafa cha mbwa kisicho na sababu inayoonekana, ambacho mara nyingi hurithiwa, huanza kati ya miezi 6 na miaka 6. Degedege la kwanza kabisa kwa mbwa wa miaka 8 au 9 haliitwi kifafa cha kawaida mpaka ubongo utazamwe. Kwa binadamu pia, mtu mzima asiyewahi kuanguka maisha yake yote, akianguka mara ya kwanza ukubwani, anastahili picha ya kichwa kabla ya jina lolote kutolewa, liwe la hospitali au la mganga. Inasikitisha mno kuona familia ikizunguka miezi sita kwa makombe na hirizi huku donge lililokuwa linaondoleka likipita kiasi. Kisomo na hospitali havigombani. Kinachoharibu ni kuchelewa.

Sumu ya kuulia wadudu wa shambani huanza ghafla, na huambatana na udenda, kuhara, mboni za macho kubana na misuli kurukaruka mwili mzima. Huamua ndani ya saa, si wiki. Distempa, maradhi ya virusi ya mbwa, huwapata zaidi watoto wa mbwa na wasiochanjwa. Huanza na makamasi na kuhara, kisha hufuata degedege la kutafuna hewa. Homa ya kupe nayo inaweza kugusa ubongo, na kupe wa rangi ya kahawia hawakosekani masikioni mwa mbwa wetu.

Hali moja ningependa ifahamike zaidi, maana inawaua mbwa bure. Mbwa mzee huamka asubuhi kichwa kimepinda upande, macho yanacheza kulia na kushoto, hawezi kusimama, anatapika. Wenyewe husema kiharusi, au uvimbe umepasuka, na wengine huomba achomwe sindano ya kumuua. Mara nyingi ni hitilafu ya ghafla ya kiungo cha mizani ndani ya sikio. Huanza kutulia ndani ya siku tatu, na mbwa hurudi katika hali yake baada ya wiki mbili au tatu, pengine akibaki na kichwa kilichopinda kidogo. Mpe maji kwa mkono, mweke chumba chenye sakafu isiyoteleza, mwite daktari, na usiamue jambo lisilorudi nyuma siku ya kwanza.

Aina zenyewe, mbwa na binadamu

Aina inayoongoza kwa wote wawili ni moja: meninjioma, uvimbe unaoota kwenye utando unaoufunika ubongo. Jina hilo lilitolewa na daktari mpasuaji wa Marekani, Harvey Cushing, mwaka 1922. Kwa binadamu, takriban nane kati ya kumi ya meninjioma ni za daraja la kwanza, yaani hukua taratibu na zina mpaka, na wanawake huzipata kama mara mbili ya wanaume. Kwa mbwa, meninjioma ni karibu nusu ya uvimbe wa mwanzo wote wa ubongo, lakini tabia yake ni kali zaidi. Zilizo za daraja la kwanza ni zaidi kidogo ya nusu, na nyingi kati ya zilizobaki ni za daraja la pili, zenye kurudi hata baada ya kutolewa. Tofauti ya jike na dume kwa mbwa haionekani waziwazi.

Ya pili ni glioma, inayotokana na seli zinazoulea na kuushikilia ubongo. Hapa majina yanapotosha. Kwa binadamu, glioma mbaya inayoongoza ni glioblastoma. Hata kwa upasuaji, mionzi na dawa ya temozolomidi, nusu ya wagonjwa katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2005 walifariki ndani ya miezi 15 hivi. Kwa mbwa inayoongoza ni oligodendroglioma. Glioma 193 za mbwa zilipopitiwa upya mwaka 2018, aina hiyo ilikuwa takriban asilimia 70. Binadamu naye ana oligodendroglioma, ila yake hutambulishwa na badiliko la jini liitwalo IDH, ambalo kwa mbwa ni nadra sana. Chini ya hadubini zinafanana. Ndani ya vinasaba ni njia mbili tofauti zilizofikia sura moja.

Mwaka 2020 watafiti walisoma vinasaba vya glioma za mbwa 83 na kugundua jambo lisilotarajiwa: zilikuwa karibu zaidi na glioma za watoto wa binadamu kuliko za watu wazima. Ndiyo sababu Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, yenye programu ya kulinganisha saratani za wanyama na watu tangu 2003, inawapokea mbwa katika majaribio ya tiba. Mbwa hao hawapandikizwi ugonjwa. Ni mbwa wa majumbani walioupata wenyewe, wakapelekwa na wanaowafuga kutibiwa.

Mbwa wote hawamo katika hatari sawa. Mbwa wenye pua fupi na uso bapa, kama boksa, bosteni teria na buldogi wa Kifaransa, hupata zaidi glioma, na mwaka 2016 utafiti ulionesha kipande cha kromosomu ya 26 kinachohusika na hatari hiyo. Wenye pua ndefu, kama goldeni ritriva na koli, hupata zaidi meninjioma. Katika hospitali moja kubwa ya mafunzo Marekani, mizoga 9,574 ya mbwa iliyochunguzwa ilikutwa na uvimbe ndani ya fuvu katika 435, kama asilimia 4.5. Idadi hiyo isichukuliwe na kubandikwa kwa mbwa wa Makunduchi au Micheweni. Ni mbwa waliofikishwa hospitali ya rufaa, na wengi ni wa koo zilizofugwa kwa kuchaguliwa. Mbwa wa wasasi wanaofukuza nguruwe mashambani, na mbwa wa mtaani, wengi hufa kwa majeraha, maradhi ya kuambukiza au magari kabla ya kufika miaka minane au tisa, umri ambao uvimbe huu huzidi. Tunauona mara chache kwa sababu mbwa wetu hawaishi vya kutosha kuupata.

Tusiusahau uvimbe wa kuhamia. Kwa mbwa jike asiyefungwa kizazi, kabla ya kuwaza ubongo, pitisha vidole kwenye safu zote mbili za chuchu, kwa kawaida tano kila upande. Vinundu vigumu kama punje za mbaazi au kubwa kuliko hizo, pamoja na degedege, huelekeza kwenye titi, na picha ya kifua hupigwa kabla ya picha ya kichwa. Kwa binadamu, pafu na titi ndiyo vyanzo vikubwa.

Uzushi, na ukweli uliojificha ndani yake

Saratani ya ubongo ya mbwa haiambukizi mtu, kwa udenda, kwa kinyesi wala kwa kukaa pamoja. Khofu hiyo lakini haikutoka hewani. Mbwa wa mtaani huonekana na nyama inayotoka damu sehemu za siri, na hiyo kweli ni saratani inayoambukizana kwa kupandana. Seli zenyewe huhama kutoka mbwa hadi mbwa, na ukoo wa seli hizo ulianza kwa mbwa mmoja aliyeishi Asia miaka 4,000 hadi 8,500 iliyopita. Haimpati mtu, na hutibika vizuri kwa sindano za vinkristini, dawa ya saratani, mara moja kwa wiki, kwa wiki nne hadi sita.

Ukweli mwingine uliojificha ni minyoo. Mbwa anayelishwa matumbo na maini mabichi ya mbuzi au kondoo anaweza kubeba tegu mdogo ambaye mayai yake, mtu akiyameza, hujenga malengelenge ya maji kwenye ini au pafu, na mara chache kwenye ubongo. Hayo si saratani, ingawa kwenye picha hutokea yakaitwa uvimbe. Kinga yake ni rahisi: usitupe matumbo mabichi kwa mbwa, hasa siku za kuchinja Idi, mpe dawa ya minyoo ya prazikuanteli miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, na watoto waoshe mikono. Anayechelea twahara amekwisha kujizoeza kuosha. Glavu kwa anayemhudumia mbwa mgonjwa zinaongeza usalama wa mwili juu ya ule wa ibada.

Simu za mkononi zimeshukiwa kwa miaka. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliyaweka mawimbi yake katika kundi la "huenda" yanasababisha saratani, na neno hilo likaenea kuliko maelezo yake. Mapitio makubwa yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa 2024 hayakuona uhusiano wa simu na saratani ya ubongo. Kisababishi cha nje kilichothibitika ni mionzi mikali, kama ile ya kutibu kichwa utotoni.

Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu inahitaji maneno ya uangalifu. Meninjioma nyingi, za watu na za mbwa, hubeba vipokezi vya homoni ya projesteroni. Machi 2024 jarida la BMJ lilichapisha utafiti wa Ufaransa ulioonesha kuwa wanawake waliotumia sindano hiyo, yenye medroksiprojesteroni, kwa mwaka mmoja au zaidi walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara tano wa kupasuliwa kwa meninjioma. Mara tano ya kitu kidogo sana bado ni kidogo. Mwanamke asiiache kwa khofu akabaki bila kinga. Amuulize mhudumu wake njia nyingine, na aliyekwisha kuwa na meninjioma amwambie daktari kabla ya kuchomwa.

Kupima na kutibu

Kipimo kinachouona uvimbe vizuri ni MRI, picha inayopigwa kwa sumaku. CT-Scan, inayopigwa kwa eksirei, huonesha donge kubwa na mfupa, ila huficha mambo ya nyuma ya kichwa. Mtu huambiwa atulie; mbwa lazima alazwe kwa dawa ya usingizi, na usingizi wenyewe ni hatari kwa ubongo wenye shinikizo. Kabla yake hupimwa damu, sukari, ini na figo, kwani sukari iliyoshuka na ini lililochoka huleta degedege bila uvimbe wowote.

Kwa binadamu hapa Zanzibar upo upasuaji wa ubongo katika taasisi iliyofunguliwa Mnazi Mmoja mwaka 2014 kwa ushirikiano na wakfu wa NED wa Hispania, na mionzi hufuatwa Ocean Road, Dar es Salaam. Meninjioma ya daraja la kwanza ikitolewa yote, wengi huishi maisha yao ya kawaida. Kwa mbwa, katika nchi zenye huduma hizo, nusu ya mbwa waliopasuliwa tu meninjioma waliishi miezi 7 au zaidi. Ikiongezwa mionzi, miezi 16. Kwa mbwa wengi wa visiwa hivi safari huishia kwenye vidonge, navyo hununua wiki hadi miezi michache yenye utulivu. Si kidogo, kama vikitolewa sawasawa.

Kidonge cha kwanza ni prednisoloni, kinachopunguza maji yaliyozunguka donge, si donge lenyewe. Kipimo cha kuanzia ni miligramu 0.5 hadi 1 kwa kilo kwa siku. Mbwa wa kilo 20 hupata miligramu 10 hadi 20, yaani vidonge viwili hadi vinne vya miligramu 5. Atakunywa maji mengi, atakojoa ndani, atahema na kula bila kushiba. Usimnyime maji. Na usichanganye kabisa na dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni. Muungano huo hutoboa tumbo la mbwa, na ibuprofeni peke yake ni sumu kwake. Kinyesi cheusi kinachonata ni damu: mpigie daktari kabla ya dozi inayofuata.

Cha pili, kwa mwenye degedege, ni fenobabitoni, miligramu 2.5 hadi 3 kwa kilo kila baada ya saa 12. Kwa kilo 20 ni vidonge viwili vya miligramu 30 asubuhi na viwili jioni. Ni dawa inayodhibitiwa, huandikwa na daktari. Wiki mbili za kwanza mbwa huyumba na kusinzia, na hapo ndipo wenye mbwa wengi huharibu: wanadhani dawa inamuua, wanaikata ghafla, na degedege hurudi mfululizo kwa nguvu kuliko mwanzo. Kupunguza dawa zote mbili hufanywa hatua kwa hatua, kwa wiki. Nunua ya wiki mbili mbele. Boti ikisimama kwa upepo, aliye Wete hatakosa dozi.

Degedege likitokea, ondoa meza na mawe karibu naye, zima redio, tazama saa. Usitie kijiko, kitunguu wala mkono mdomoni, ulimi haumezwi. Kiatu puani hakifanyi lolote. Mtu mgeuze alale ubavu. Mbwa mwache, maana akiamka hatambui mtu na anaweza kung'ata anayempenda. Likipita dakika 5, au yakija mawili ndani ya saa 24, ni dharura kwa wote wawili. Likikoma, mbwa aliyepata joto mmwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni, si ya barafu.

Chukua video, na andika katika daftari tarehe, saa, muda, upande uliotangulia kutikisika na dozi ya mwisho. Daktari hubadilisha kipimo kwa kutazama daftari hilo: degedege moja kila wiki sita haliongezi kidonge, moja kila wiki linaongeza. Kando yake weka safu nyingine ya mambo matatu ya mbwa wako mwenyewe: kula, kuinuka bila msaada, na kuja akiitwa. Yakikosekana mawili kati ya matatu kwa siku nyingi kuliko yanavyopatikana, zungumza na daktari wa mifugo kuhusu sindano ya kumlaza asiamke tena, na ifanywe kwa dawa ya usingizi kwanza, nyumbani kwake ikiwezekana, kabla degedege refu halijaamua usiku ambao hakuna wa kumwita.